Pete Aliyoitoa Deolinda

Deolinda Ozuna alikuwa binti wa dobi, na Asunción nzima, mji mkuu wa Paraguay, ilijua mama yake alifua shuka za nani: za kina Zayas, wenye jumba la roshani ya chuma. Vita na Wabolivia vilipoanza, hospitali zikapokea wasichana wa kila namna. Deolinda akavaa aproni ya uuguzi, akadhani mambo ya udobi yamekwisha. Masikini, hakuwajua watu.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa Luteni Fulgencio, mwana pekee wa kina Zayas, mwenye risasi begani. Miezi miwili Deolinda alimfunga bendeji huku wakitaniana kwa Kiguarani, lugha ya watu wa kawaida ambayo mama wa Luteni aliipiga marufuku mezani kwake.

"Shuka zenu nazijua kuliko wewe," Deolinda alimwambia.

"Basi hamia kabisa, uje uzilalie."

Akampiga kofi kwenye bega zima. Alikuwa amependa, tena amependa vibaya.

Siku ya kurudi vitani, Fulgencio alimpa pete ya bibi yake, nyuzi saba za dhahabu zilizosokotwa. "Nimemwandikia mama kwamba nina mchumba na pete anayo. Jina sikutaja. Ngoja nirudi, twende wote." Deolinda akaining'iniza shingoni, ndani ya nguo.

Baada ya mwezi, majeruhi walileta habari kwamba kikosi cha Fulgencio kimezingirwa huko Chaco, nyika kavu ya mpakani, maji hakuna. Siku hiyohiyo kamati ya mabibi ikaingia wodini na sinia, maana wanawake wa nchi nzima walikuwa wakitoa dhahabu yao kununulia silaha. Wauguzi wakavua hereni. Ninfa, muuguzi mwenzake, akacheka: "Wewe pita tu, shoga, huna hata bangili ya bati."

Deolinda akamwahidi Bikira Maria wa Caacupé: "Nakupa nilicho nacho, nirudishie yeye." Lakini nami sitampamba Deolinda, kiburi nacho kilikuwepo. Alitaka walau mara moja asimame mbele ya sinia lile kama wao. Akaiweka pete, Ninfa akiangalia. Alipoulizwa jina akasema, "Andika mwanamke wa Paraguay," kwa kuogopa habari isimfikie mama wa Fulgencio kabla ya wakati wake.

Fulgencio alikufa kwa kiu wiki ileile.

Kwenye matanga, zile siku tisa za sala, Deolinda aliingilia mlango wa jikoni pamoja na mama yake, aliyeitwa kuoka chipa, vile vimkate vya jibini. Siku ya nane alimfuata Bi Eduvigis, mama wa marehemu, ukumbini.

"Bibi, yule mchumba ni mimi."

Laiti mama huyo angekasirika. Alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlenga. "Niliapa, hata awe nani, nitamkalisha ubavuni mwangu. Nionyeshe pete ya mama yangu."

"Niliitoa kwa taifa."

"Stakabadhi unayo?"

"Sikutaja jina."

Mikono ikamwachia. "Wewe ni wa tatu kudai hivyo, binti yangu. Wenzako nao walikuja mikono mitupu. Ila wewe nilitaka kukuamini."

"Niliitoa ili arudi, Bibi."

"Aliyempenda mwanangu asingeivua." Alisema taratibu, bila ubaya wowote. "Haya, kamsaidie mama yako. Wageni hawajala."

Hata Ninfa angeitwa, angeshuhudia tu kwamba aliivua. Deolinda alitamani kufa palepale, ila kufa nako hakuji kwa kutamani. Akaingia jikoni, akabeba chipa, akawapitishia wageni mmoja mmoja.

Hakuolewa. Aliuguza watu miaka arobaini mingine, na wanaomkumbuka husema mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye vidonda. Lakini neno la yule mama halikumtoka. Hadi anakata roho alikuwa bado hajui kama siku ile pete aliivua kwa ajili ya Fulgencio au kwa ajili ya Ninfa.