Kitabu cha Ng'ombe cha Baba

Juzi daktari wa mifugo alikuja kumwona ng'ombe wangu aliyekataa majani. Kabla hata ya kufungua mkoba alimbana sikio kwa vidole, akasema, "Mzee, huyu ana homa." Nikavikumbuka vidole vya baba.

Huko kwetu Shinyalu baba alifuga fahali wa kupiganishwa, na alipenda kitabu kimoja tu, cha magonjwa ya ng'ombe. Kilinuka dawa ya kupe na samadi. Alasiri moja, nikiwa mtoto, nililala mkekani nikitetemeka kwa homa. Nje vijana walimpigia fahali ngoma na filimbi, wakimwandaa kwa pambano. Baba aliketi kando yangu, akafungua kitabu chake.

"Baba Shisia, mtoto anakufa na wewe unasoma ng'ombe!" mama alifoka. "Ningekuwa na pembe labda ungeniona."

"Nyamaza, wewe mwanamke."

"Sinyamazi! Hicho kitabu ndicho roho yako. Ndani ni zizi tu, hamna mtu!"

Baba aliinama, akanibana sikio kwa nguvu, kisha akarudi kwenye ukurasa. Nilidhani ananiadhibu kwa kulia. Nilimchukia papo hapo, na chuki ile niliitunza kuliko yeye alivyomtunza fahali wake.

Sasa najua kwamba alikuwa akiutafuta ugonjwa wangu katika kitabu pekee alichokiamini. Lakini alipougua yeye, mzee wa kitandani, akaninyooshea mkono, nilibaki mlangoni nikamwambia amwite fahali wake.