Mume Aliyeitwa Redioni Athibitishe Kutoonekana Kwake

Siku niliyorudi Bunia kutoka masomoni, lori letu lilipigwa risasi tulipokuwa tumeipita Komanda. Hakuna aliyekufa, ila tangu hapo sikuamini jambo lolote kabla ya kulichunguza upya. Mtu wa namna hiyo hafai kuendesha pikipiki, lakini katika fikihi huonekana amejaliwa. Tasnifu yangu ilihusu mafkudi, yaani mume aliyetoweka bila habari, na muda ambao mkewe humngojea kabla ya kuolewa tena.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mume wa aina hiyo. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Niania, simu ikazimika, likabaki jina. Ndoa yao ilifungwa msikitini tu. Serikali haikuwa na habari nayo. Sasa fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Lumumba, mgane mpole, alikuwa akimshonea dada nguo ambazo hakuziagiza. Kwa kuwa hukumu ya ndoa ile ilikuwa bado, sikuweza kuiita posa. Nikaiita ushonaji.

"Leki," dada akaniambia, kama tunavyomwita mdogo mtu, "weye ulisoma mambo ya wanaume wenye kupotea. Sema basi na wazee wa musikiti. Nijue miye niko bibi ya nani."

Imamu na kamati yake walinikaribisha baada ya sala ya Ijumaa. Nilieleza kwamba, kati ya madhehebu, Wahanafi wa kale humngojesha mke mpaka rika la mumewe liishe duniani. Kwamba Wamaliki huweka miaka minne. Kwamba sheria za siku hizi katika nchi kadhaa hufupisha muda pale kifo kinapodhaniwa. Muadhini alichungulia kuona kama tungali hai. Nikamalizia, kwa uaminifu wa kielimu, kwamba kwanza ni lazima ithibitike kuwa mtu hajulikani alipo.

Mzee mmoja, mwuza vitenge, alilidaka neno hilo. "Kweli kabisa! Tutajua aje kama alipotea, na siye hatujamuuliza?"

Ikaamuliwa itolewe komunike redioni: bwana huyo, popote alipo, afike mbele ya kamati athibitishe kutoonekana kwake. Waliniomba niikague. Niliongeza "yeye mwenyewe au wakili wake," maana uwakala unakubalika.

Mume akapiga simu.

Kamati ilipiga takbiri. "Ndoa imepona!" alisema mzee wa vitenge, akanikumbatia kama mganga. Mimi niliona tatizo: aliye hai na ana simu si mafkudi, na milango yote niliyomfungulia dada ilikuwa imejifunga kwa mkupuo mmoja. Dada alitoka nyuma ya pazia la wanawake msikitini, akaomba sauti ya simu ifunguliwe wote wasikie.

"Uko muzima?"

"Niko muzima kabisa. Niko na duka hapa, niko na bibi, niko na batoto."

"Na miye?"

"Weye pia uko bibi yangu. Nani alikuacha?"

"Nakula nini, basi?"

Tulisikia kicheko. "Uliza leki yako mwenye masomo. Miye situmi kitu, na talaka sitoi. Ukae tu hivyo."

Simu ikakatwa. Imamu alinigeukia. "Amekana matunzo mbele ya mashahidi. Mwanachuoni, ndoa kama hii inavunjwa?"

Nilijua jibu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Washafii, ambao ndio tunaowafuata, hutofautisha asiyeweza kutunza na asiyetaka; na mwenye duka anaweza. Tanbihi nzima ilinipanda kooni, pamoja na kauli dhaifu na majibu yake. Nilifungua mdomo.

"Leki," alisema dada taratibu, "jibu moja. Nakuomba, moja tu."

"Wamaliki wanaruhusu," nikasema.

"Na wengine?" akauliza mzee wa vitenge.

"Wengine hawako Bunia."

Imamu alinitazama, nadhani akiisoma ile tanbihi usoni pangu. Kisha akatamka kwamba anashika kauli ya Wamaliki, na kwamba ndoa imevunjwa. Dada yangu aliketi palepale kwenye mkeka, akaufunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti. Mzee wa vitenge akanisogelea, akaninong'oneza: je, kilio hiki si dalili kwamba mwanamke hakuridhika?

Swali lilikuwa zuri, na lina mjadala mrefu. Nilimwambia anyamaze.