Debe la Ukingoni

Lennox alimaliza Fom Foo Novemba, na kufikia Januari mama yake, Immaculate, alikuwa amechoka kumwona kwenye kochi. "Kwani wewe ni kitambaa cha kiti?" akamuuliza mbele ya majirani, na ploti nzima ikaangua kicheko. Kijana akaona haya. Akaizunguka Kitengela yote akitafuta kazi, maduka ya mabati, mahali pa kuosha magari, mahoteli, na kila jioni alirudi na vumbi tu.

Aliyemwokoa ni Kisemei, waliyekalia naye dawati moja shuleni. Kwao ni huko Kajiado, kando ya mto ambao mwaka mzima hauna maji ila mchanga, na malori huja kuuchukua kwa sababu Kitengela haiachi kujengwa.

"Kuja," Kisemei alisema kwa simu. "Niko na kazi yako mpaka campus ifunguliwe."

Heri angebaki kwenye kochi, jamani.

Mchanga safi huwa chini ya ukingo. Vijana walikuwa wamechimba mpaka ukingo ukabaki unaning'inia kama paa la kibanda, na mgunga mkubwa umesimama juu yake. Lennox alipouona, alirudi nyuma hatua mbili. Wenzake walicheka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" wakasema, wakaingia na mabeleshi yao, Kisemei mbele.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alipaza sauti Gideon, msimamizi wao, akimkabidhi Lennox debe kuukuu na kijiti. "Wewe utakaa juu. Macho kwa ardhi. Ukiona ufa, gonga."

"Si nipige tu mluzi? Mluzi wangu unasikika mpaka Namanga."

"Wacha mchezo. Mluzi ni wa ng'ombe. Wachungaji wanapita hapa siku nzima wakipiga mluzi, na sisi hatuinui kichwa. Debe peke yake."

Kazi hiyo ilimuudhi. Alitaka kuchimba kama wanaume wengine, si kukaa juani kama sanamu ya kufukuza ndege shambani. Lakini alikaa, na macho yake hayakubanduka ardhini, maana rafiki yake alikuwa chini yake.

Mchana mmoja Nashipae, mdogo wake Kisemei, alileta ng'ombe wa kwao kunywa maji kwenye visima vya mchangani, hatua chache kutoka kwa wachimbaji. Kiangazi kilikuwa kimewakausha mpaka mbavu zinahesabika. Akapanda ukingoni akihema.

"Sopa, Lennox," akasalimu. "Mtungi wangu umepasuka, na ndama amelala, hataki kuamka. Nisaidie na hiyo debe nimtekee maji."

Lennox aliitazama ardhi. Ilikuwa imetulia. Ndama mwenyewe alikuwa wa kina Kisemei, angemnyimaje?

"Chukua, lakini usikawie."

"Ashe," msichana akashukuru, akateremka mbio.

Ufa ulianzia kwenye mizizi ya mgunga. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama unywele, kisha vumbi likaanza kumiminika ndani yake. Lennox akanyoosha mkono kutafuta debe, akashika kijiti tu. Akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi kwa nguvu zake zote.

Ng'ombe waliinua vichwa. Watu hawakuinua. Akapiga tena, na Kisemei akachungulia nje, jasho likimtoka, akatazama upande wa mifugo.

"Nashipae!" akamtania dada yake. "Unaitiwa ng'ombe, na wewe umezubaa!"

Akacheka, akarudi ndani.

"Tokeni! Tokeni!" Lennox alipiga mayowe, akikimbia kurudi nyuma. Gideon aliruka nje, na wengine waliokuwa karibu wakaruka. Ukingo ukashuka na mgunga wake kwa kishindo kifupi, kama gunia la mahindi linapotuliwa.

Walichimbua kwa mabeleshi, kisha kwa mikono. Walipomfikia Kisemei, alikuwa na mchanga mdomoni, na hakuwa na pumzi tena.

Gideon akamgeukia Lennox. "Debe iko wapi?"

Nashipae alikuwa amesimama nyuma yao, amelishika, limejaa maji ya ndama. Alilitazama debe, akamtazama kaka yake. Akamwaga maji. Akaligeuza, akapiga magoti, akaanza kuligonga kwa ngumi, akagonga, akagonga, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.