Wingu la Fundi Ngoja Kwanza

Mtaani kote yule fundi cherehani aliitwa Ngoja Kwanza, na jina lenyewe alilivaa kama taji. Katika jambo lolote zito hakujiamulia. Alifumba macho, akaisimamisha Biblia kwa mgongo wake juu ya meza ya cherehani, akaiachia. Ilipoangukia na kufunguka, hapo ndipo Mungu aliposema.

Ajabu ni kwamba Mungu alisema neno lilelile miaka tisa. Kitabu kilifunguka kwa wana wa Israeli jangwani, pale wingu linapotua juu ya hema nao wanakaa kambini bila kusogea.

"Umeona?" fundi humwambia mkewe. "Wingu limetua. Tukae."

Wakakaa na paa linalovuja. Wakakaa na mlango usio na komeo. Chai ya tatu ya asubuhi tu ndiyo haikuhitaji wingu.

Mkewe alijua siri, akaimeza kwa ajili ya amani ya nyumba. Fundi akishapiga kola pasi huzilaza ndani ya Biblia zisijikunje, na kila siku ukurasa uleule. Kitabu kilishavunjika uti pale. Hata paka angekisukuma, kingesema tukae.

Kisha ikaja zamu ya binti yao wa miaka sita. Masikio yake yalitoa usaha, na siku hizi aliitwa mara tatu ndipo ageuke. Daktari hakuzunguka: "Mleteni Alhamisi apasuliwe. Mkichelewa, hatasikia tena."

Jumatano jioni fundi akafumba macho. Kitabu kikaanguka. Wingu.

"Mama watoto, tusimtangulie Mungu."

"Hebu nipe hicho, baba watoto." Akaziondoa kola mbili, akashuka na kidole polepole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la pili. "Hapa chini wingu linainuka, na watu wanaondoka. Mbona huku hujawahi kufika?"

"Huko sijaonyeshwa."

"Utaonyeshwaje na kola imefunika?"

"Unabishana na Roho, wewe mwanamke?"

"Nabishana na kola. Mimi naomba tangu mwezi jana, kila nikibadilisha foronya ya mtoto. Nilimwomba Mungu anionyeshe pa kwenda, akanionyesha daktari. Ulitaka amtume na mabawa?"

Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, mkubwa hivyo hivyo, miguu ikining'inia. Fundi akabaki mlangoni na futikamba yake shingoni.

"Likiharibika, mimi simo!"

"Na likitengemaa?"

Fundi akageuka kuitazama Biblia mezani. Pengine alihitaji kuuliza kwanza.

Likatengemaa. Wiki tatu baadaye, Jumapili, fundi alisimama mbele ya kanisa na suti aliyojishonea, maana suti yake haikuwahi kungoja foleni. "Ndugu zangu," akanguruma, "wengine walitaka kukimbia mbele ya Bwana. Mimi nilisimama imara! Nilingoja! Na leo mwanangu ni mzima!"

Vigelegele vikapigwa. Mkewe, benchi la nne, alitazama viatu vyake. Alishazoea kuona mtu akivuna shamba ambalo hakulishikia jembe.

Vigelegele vilipotulia, mtoto akauliza kwa sauti kubwa, ile ya mtu ambaye muda mrefu hakujisikia mwenyewe: "Mama, mbona baba hakuja hospitali?"

Akina mama wakashikwa na kikohozi, benchi zima. Mchungaji akaanza kutafuta miwani iliyokuwa puani pake. Kule mbele, fundi alikunja uso na kunong'ona, midomo haikutikisika: "Nyamaza, wewe."

"Sawa, baba," mtoto akajibu.

Mama yake akamvuta kifuani, akainama, machozi yakamdondokea mtoto kwenye nywele. Mnong'ono, kutoka mbele kabisa, na mtoto ameusikia mara moja.