Barua Niliyoisafisha

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, na sipendi mtu aguse yangu. Kwa hiyo nimeweka Linux ndani ya Windows, kama kompyuta ya pili inayofunguka kwenye dirisha, na hiyo ndiyo ninayowapa wageni. Mgeni akiondoka, nabonyeza mara moja tu, nayo inarudi tupu ilivyokuwa siku ya kwanza. Nisipofanya hivyo situlii.

Jumamosi jirani yangu hapa Riruta, Dada Mwende, muuguzi huko Upper Hill, alikuja kuchapa barua ya kuomba kupandishwa cheo. Ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Alichapa hadi saa nane mchana, nami nikizunguka nyuma yake nikimsahihishia nukta.

"Si ukae chini basi, unanitia wasiwasi," alisema. Alipomaliza akaihifadhi. "Kesho nitakuja na flashi ya kuibebea nikitoka kanisani."

Hata hajafika kwenye geti, vidole vilikuwa vinaniwasha. Nikabonyeza. Moyo ukatulia.

Jumapili alikuja na flashi, na mumewe. "Huyu kijana ni mwangalifu," alimwambia. "Hata nukta haimpiti."

Nikafungua lile dirisha la wageni. Hapakuwa na faili hata moja, na hapo ndipo nilipokumbuka.

"Barua yangu iko wapi?"



"Dada, niliisafisha."

Akanivutia kiti.

"Keti," akasema. "Leo utachapa wewe. Mimi nitasimama nyuma."