Kamera Niliyoinunua kwa Ajili ya Wifi

Watu hununua kamera wakumbuke safari zao na watoto wao. Mimi niliinunua kwa hasira, wala sioni haya kulisema.

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miezi sita, mpiga picha mmoja msafiri alishuka na meli kutoka Kisumu, akatupiga picha ya ukoo mbele ya nyumba yetu ya Igogo. Nilisimama mwishoni, mtoto nimembeba kifuani. Picha ilipoletwa, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kuazima mkasi. Mimi ni mshonaji. Nikampa ule mkali wa kukatia nguo, sikuuliza wa nini. Jumapili nikaikuta picha ukutani kwake, imekaa sawasawa ndani ya fremu, na mimi simo, wala mwanangu. Kimebaki kiwiko changu.

"Fremu ilikuwa ndogo, wifi," akasema. "Na wewe ulisimama pembeni mwenyewe."

Kile kipande alikwisha kukiwashia moto. Masika yaliyofuata, homa ikamchukua mwanangu. Mpiga picha alikuwa ameondoka na vioo vyake vya kutolea picha, hakuna aliyejua aliko. Nikifumba macho naiona kofia niliyomshonea, uso siuoni. Hilo sikumsamehe wifi, na sitamsamehe.

Nikazaa binti. Alipoanza kutembea, nilichukua akiba yangu ya mashono nikaenda dukani, upande wa Mirongo. Mwenye duka, Mhindi mpole, akaniwekea kamera mbili mezani. Moja ilikunjika, ukiifungua inatoa pua ya ngozi, nawe unaiweka jichoni.

"Hii nzuri kwa safari, mama. Inaingia mfukoni."

Ya pili ilikuwa kisanduku cheusi tu. Unakishika tumboni, unainama, unatazama kioo kidogo kilicho juu yake.

Nikaomba kuzijaribu barazani, nikamsimamisha yeye mwenyewe mlangoni. Ile ya jichoni nilipoigeuza kidogo, aliona nimemkwepa, akasogea kuifuata. Ya tumboni niliigeuza upana wa kidole. Akatoka kabisa kwenye kioo, na bado anatabasamu.

"Nipe hiki kisanduku," nikasema.

"Mama, picha zake si safi sana."

"Zitanitosha."

Siku tulipovuka kwa kivuko cha Busisi kwenda harusini, wifi alivaa gauni jipya. Nililishona mimi, tena kwa uangalifu.

"Simama huku mwisho, wifi, gauni lionekane lote," nikamwambia.

Akasimama, amemshika binti yangu mkono. Nikainama. Kwenye kioo nilimwona mzima, kidevu juu, meno nje. Nikageuza upana wa kidole. Filamu ilikuwa na picha nane, na zote nane nilifanya vivyo hivyo.

Zilipotoka nilimpelekea mwenyewe. Alizipitia moja moja, akarudia. Ya mwisho aliigeuza akatazama mgongoni.

"Mbona mimi simo?"

"Kioo kilikuwa kidogo, wifi. Na wewe ulisimama pembeni."

Akainua macho ukutani, kwenye kile kiwiko changu. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi nilirudi nyumbani naimba njia nzima.

Juma lile lile aliiondoa ile picha ukutani, na ilikokwenda sijui. Hakupigwa nyingine mpaka alipokufa.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Katika picha nane anayoipenda ni moja: yeye kasimama mchangani, kashikwa na mkono usio na mwenyewe, umekatika pale gauni linapoanzia. Anajua ni mkono wa shangazi yake. Alimpenda sana, maana huyo ndiye aliyekuwa akimbeba nikiwa cherehani. Juzi tena alikuja nayo, akakaa karibu yangu.

"Mama, shangazi alikuwa na sura gani? Nimejaribu kumkumbuka, nimeshindwa."

Ninaikumbuka yote, mpaka mwanya wa meno yake, kama nilivyoiona siku ile kabla ya kugeuza kisanduku.

"Hata mimi nimesahau, mwanangu," nikamwambia.