Sweta Iliyolala Kwenye Sileji

Mwaka jana baridi ya Julai ilimkuta Wasike mjini, mtaani Mukuru kwa Njenga, bila sweta, na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Wasike hupakia magunia ya unga kwenye godauni moja, na ameyapakia kwa miaka kumi na tisa. Lakini muulize kazi yake, atakwambia ni mkulima, kisha atakuonyesha kwenye simu picha ya ng'ombe mmoja wa nyumbani kwao Kimilili, aitwaye Sikuku kwa kuwa alizaliwa Krismasi. Anayemlisha Sikuku ni Nasambu, mkewe. Kila Januari majani hukauka, maziwa hukatika, na Nasambu huhangaika akitafuta nyasi hadi mtoni. Ndiyo maana waliamua kutengeneza sileji, lishe mbichi inayofunikwa na kuwekwa akiba hadi kiangazi.

Wasike aliomba ruhusa ya siku tatu mwishoni mwa Juni. Mahindi yalikuwa hayajakomaa, punje zikitoa maziwa kidogo ukiziminya. Walikodi mashine, wakayakatakata mabua na yote, wakatandika karatasi nyeusi ya nailoni nyuma ya zizi na kuanza kurundika. Trekta ya kushindilia hawakuwa nayo, basi wakashindilia kwa miguu, wameshikana mikono wasiteleze, wakizunguka na kuzunguka. Watu wawili ambao ndoa yao kwa sehemu kubwa imepitia kwenye simu walishikana mikono mchana kutwa mbele ya majirani, wakicheka kama wachumba. Jasho lilipomzidi, Wasike alivua sweta yake na kuitupa kando ya lundo. Beseni za mahindi yaliyokatwakatwa zikaendelea kumwagwa, lundo likatanuka hadi pale. Lundo lilipofika kifuani walilifunika, wakaziba kingo kwa udongo, wakapanga matairi makuukuu juu, naye akakimbilia basi.

Sweta aliikumbuka akiwa Mukuru, asubuhi ya kwanza ya manyunyu. Alipekua begi mara tatu. Kisha akaketi kitandani, maana alijua ilipo.

Sileji haitaki hewa. Ukiifunua kabla haijaiva, hewa huingia na kuiozesha, na Sikuku angekosa chakula cha kiangazi chote. Naye Wasike alimjua mkewe. Sweta ile Nasambu aliifuma kwa mkono, miezi miwili, sindano zikimchoma vidole. Angeambiwa tu, angeshika jembe kabla ya kukata simu. Kwa hivyo Wasike akanyamaza.

"Baba Triza, nasikia huko kuna baridi kali," Nasambu alisema Jumapili moja. "Umevaa sweta?"

"Nimeivaa, Mama Triza."

"Ya kijani?"

"Hiyo hiyo."

Hapo alikuwa amejifunga shuka mabegani, meno yakigongana.

Mativo, jirani wa chumba cha pili na mpakiaji mwenzake, alishindwa kuvumilia. "Wasike, si uende Gikosh kwa mitumba ununue sweta? Ama unangoja ya serikali?"

"Niko na yangu."

"Iko wapi sasa?"

"Imelala nyumbani."

Mativo alicheka hadi akakohoa. Kununua nyingine Wasike angeweza, lakini hakutaka, na ukaidi huo mimi siutetei. Alikuwa anamtamani mkewe, basi. Alitamani zile saa za kuzunguka wameshikana mikono, na aliona kwamba akivaa sweta ya mtu mwingine atakuwa ameziacha. Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba huenda sufu ile imeshika hewa ndani ya lundo, na uozo unatambaa polepole kuelekea pande zote. Alilala na hofu hiyo miezi sita.

Januari, wakati wa chakula cha mchana, simu ililia. Wasike alitoka nje ya godauni na kuipokea.

"Nimefungua," Nasambu alisema.

"Imeoza?"

"Beseni moja tu ndiyo imeoza. Iliyobaki ni ya rangi ya dhahabu, Sikuku nusura aning'ate mkono." Kisha akaongeza, "Lakini ile iliyooza ilikuwa imezunguka kitu."

Wasike aliibana simu sikioni.

"Baridi yote ile, Baba Triza. Kila Jumapili unaniambia umeivaa."

"Ningekwambia ungefukua."

"Ningefukua!" Wasike akasikia kuwa analia. "Ng'ombe angekufa, mimi ningefukua tu."

Wasike akasimama pale uani, vumbi la unga limejaa kwenye nyusi.

"Nimeiosha mara mbili," Nasambu alisema baadaye. "Harufu ya sileji haitoki. Niitupe?"

"Usiioshe tena," alisema Wasike. "Nitumie hivyo hivyo."

Ilifika Ijumaa kwa basi, imefungwa kwa kamba. Jumamosi aliivaa kwenda kazini, jua la Januari likiwaka. Wenzake kwenye foleni ya kubeba magunia walikunja pua na kumwachia nafasi, na Mativo akamuuliza kama amelala zizini.

Wasike aliivuta kola hadi puani na kuvuta pumzi.

"Nimetoka nyumbani," alisema.